Siku Tisa Bila Wavu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, bonde la Momba, Mkoa wa Songwe
Tarehe: 19/05/2025. Muda wa kuanza: saa 3:20 asubuhi
Jina la shahidi: Roda Yonathani Simbeye
Umri: miaka 51. Kabila: Mnamwanga. Dini: Mkristo
Kazi: mama lishe, kando ya foleni ya malori
Makazi: Tunduma
Mwandishi wa maelezo: Koplo Sadock

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Lwitiko Anyitike, miaka 59, dereva mstaafu wa malori, ambaye yuko mahabusu hapa tangu jana kwa kosa la kuvua kwenye mazalia ya samaki. Nimeambiwa boti yake itachomwa moto kesho Jumanne pamoja na nyavu haramu. Nasema Lwitiko hakuvua hata dagaa mmoja. Nitaeleza nilivyoona, na afande asinikatishe sana maana nikikatishwa napoteza uzi.

Lwitiko namfahamu tangu mwaka 2009. Foleni ya mpakani ikikaza alikuwa anakaa Tunduma siku nne, siku tano, anakula kwangu asubuhi na jioni, halafu foleni inasogea na yeye anaondoka. Nimemfahamu hivyo, vipande vipande, miaka kumi na sita. Yeye ananiita mama Marta, kwa jina la binti yangu. Mimi namwita dereva. Siku moja anakula ugali na kisamvu akaniambia akistaafu atasafiri mahali ambapo hakuna geti wala mtu wa kugonga muhuri. Nikamwambia mahali hapo ni kaburini. Akasema hapana, ni majini.

Alipostaafu akaitengeneza boti hiyo nyuma ya gereji, palepale Tunduma ambako hata bombani maji ni ya kusubiri. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Alifunga kiti cha lori, akafunga na kioo cha pembeni cha lori. Ilimchukua miaka mitatu. Ilipokwisha akaja kwangu, hakuagiza chakula, akaniuliza kama naweza kufunga sufuria zangu siku chache.

Mnamo tarehe 10/05/2025, siku ya Jumamosi, saa 1:00 asubuhi, boti ilishushwa kutoka kwenye Fuso pale Galula, ikaingia Mto Songwe, na mimi nikapanda. Nyumbani nilimwambia Marta nakwenda msibani Ndalambo. Uongo huo ni wangu, haumhusu Lwitiko.

Afande ameniuliza tulikuwa tunakwenda wapi. Tulikuwa tunakwenda tu. Injini yenyewe ni ndogo, ya kumwagilia bustani, ameifungia pangaboi la kusukuma maji, na mara nyingi aliizima akaacha maji yatubebe. Tulipita wachimbaji wanaosafisha mchanga wa dhahabu, wakasimama na karai mikononi wanatutazama mpaka kona ikatuficha. Mmoja aliuliza tunauza nini. Lwitiko akajibu hatuuzi. Yule mtu alionekana kutuonea huruma.

Mimi nimezoea kulala na mngurumo wa malori. Siku ya kwanza ukimya ule ulinitisha, nikawa naongea ovyo ili isikike sauti ya mtu. Siku ya tatu niliacha. Nilikaa mbele, nimetia mkono majini, na sikuwa na wazo lolote kichwani, jambo ambalo halijanitokea tangu nizaliwe. Hata njaa ilikuja kwa kuchelewa.

Nimeulizwa tuliingia Ziwa Rukwa tarehe ngapi. Nadhani 13 au 14. Simu yangu ilizima tarehe 12 na sikuitafutia chaji. Mto ulipanuka kidogo kidogo, kingo zikaenda mbali, na nilipogeuka kuuliza ziwa liko wapi nikaambiwa tumo ndani yake. Tulifuata ukingo wa kusini. Ziwa limepanda, kuna mahali limekula makazi ya watu. Tulifika kwenye zizi, nguzo zimetokeza juu ya maji, na kila nguzo ina ndege mweupe mmoja. Lango lilikuwa wazi. Lwitiko akapunguza moto, akaipitisha boti langoni polepole, akapiga honi kwa mdomo. Ndege hawakuruka. Tulitokea upande wa pili tukacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikakumbuka kuwa hapo palikuwa kwa mtu, nikaacha.

Kila asubuhi alikuwa anaizunguka boti akiigonga mbavu kwa nyundo, kama anavyogonga matairi. Akiendesha haachi kutazama kioo. Nilimuuliza anamwangalia nani nyuma, akasema ni mazoea. Baadaye nilikaa kwenye kiti chake nikatazama na mimi, nikaona njia yetu inajifunga juu ya maji taratibu, inakuwa kama hatukupita. Nilitazama hivyo muda mrefu. Saa ngapi sijui.

Nilikuwa na furaha. Afande ameuliza kama hilo nalo liandikwe. Liandikwe.

Jana, tarehe 18/05/2025, siku ya Jumapili, asubuhi tulikuwa kwenye kambi ya mfugaji anayeitwa Ngassa, karibu na mdomo wa Mto Momba. Mke wake Nyanzobe alitupa maziwa. Badala ya kuwa kanisani nilifua nguo na chandarua, tukaondoka saa 6:00 hivi mchana. Mnamo saa 8:00 injini ilizima katikati ya miti mikavu iliyosimama majini. Lwitiko akafanya kama wanavyofanya madereva. Lori likiharibika barabarani dereva hukata matawi, akayalaza nyuma na mbele ya gari ili anayekuja apunguze mwendo. Alivunja matawi, akayafunga kwenye kamba moja baada ya jingine, akayaacha yaelee nyuma ya boti kama hatua thelathini. Nikamuuliza huku nani atatugonga, kiboko? Akasema usalama kwanza, akafungua injini.

Mnamo saa 10:00 jioni ilifika boti ya doria. Wale askari waliona kamba yenye matawi imelala juu ya maji, wakasema ndivyo wavuvi haramu wanavyoweka alama ya wavu. Wakaivuta yote. Ilikuwa na matawi tu. Wakasema basi wavu umekatwa ukazamishwa. Ndipo wakaona chandarua kimening'inia kwenye kioo, ncha yake imegusa ziwa, inachuruzika maji. Nami najua, na kila mtu huku anajua, kuna watu wanavua vifaranga vya samaki kwa chandarua.

Wakamuuliza ni cha nani. Akasema, "Ni changu." Wakamuuliza cha kazi gani. Akanyamaza. Mimi nikafungua mdomo, akanikazia macho. Kisha akawaambia mimi ni abiria, amenipakia mchana uleule kwa Ngassa, hanifahamu, wanirudishe nilikotoka. Nikahamia boti yao. Walinirudisha kambini, yeye wakamfunga pingu, boti ikavutwa kwa kamba. Nyanzobe aliniuliza kwa nini namlilia hivyo mtu ambaye askari wamesema alinipa lifti tu. Leo saa 12:00 alfajiri nilimwomba Ngassa anilete hapa kwa pikipiki yake.

Koplo Sadock amenieleza wazi kwamba chandarua hutupwa usiku, na kwa maneno ya Lwitiko mwenyewe mimi ni abiria wa jana mchana, siwezi kujua dereva alifanya nini usiku uliopita, sembuse usiku wa nyuma yake. Kwa hiyo haya niliyoeleza ya mchana hayamsaidii Lwitiko. Kisha akaweka kalamu chini akaniambia, "Mama, haya yatasomwa mbele ya watu, na Tunduma si mbali. Fikiria kwanza."

Nimefikiria. Mimi ni mjane, niko kwaya ya akina mama, na mwezi wa saba Marta anaolewa kwenye familia ya mchungaji. Nimefikiria pia kwamba yule mtu ameona afadhali boti ya miaka mitatu ichomwe kuliko kusema neno moja juu yangu. Nimekasirika sana kwa hilo. Hakuniuliza.

Sikuwa abiria. Nilipanda Galula, nikakaa siku tisa na usiku nane. Chandarua kilikuwa kimoja kwa sababu tulikuwa tunalala pamoja. Kila usiku mkono wake ulikuwa chini ya kichwa changu, asingeweza kunyanyuka nisijue. Hakunyanyuka. Iandikwe hivyo hivyo, afande, isifupishwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimeyasema bila kulazimishwa, nimesomewa yote, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: R. Y. Simbeye

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika haya mimi Koplo Sadock na kumaliza saa 5:05 asubuhi. Nilimshauri shahidi kuwa aya inayoanza na "Sikuwa abiria" inaweza kuandikwa kwa maneno machache zaidi, amekataa. Nimekagua kielelezo. Chandarua kina kamba nne za kuning'inizia, hakina magamba wala harufu ya samaki, kinanuka sabuni ya kufulia. Nimemwomba mkuu wa kituo boti isichomwe hadi jalada lisomwe, amekubali. Saa 5:30 nilimsomea mtuhumiwa aya hiyo na kumuuliza kama bado anasema shahidi ni abiria. Aliinamisha uso. Kisha akauliza kama mama huyo amekula.