Lebo za Ngatia na Wachuka

Jumatatu, 2 Desemba 1968
Mzee Hezekiah, mkuu wa chama chetu cha kahawa, ameniita ofisini kwake. Nilidhani ni makosa katika ripoti ya Novemba. Siyo! Ni habari ya posa. Mwanawe Ngatia, mwenye duka Kiganjo, anamposa dada yangu Wachuka. Tarehe 14, nyumbani kwetu. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba kinywaji kitakuwa juisi ya pasheni, kazi ya mkewe, nayo itatiwa katika chupa kuukuu za bia. Yeye ni mzee wa kanisa. Hawezi kuweka chupa za bia mbele ya pasta. Kwa hiyo nitengeneze lebo kubwa za kuzifunika, zenye majina ya wawili hao. Ati mimi niko na mkono safi kuliko makarani wote.

Kisha akafungua faili yangu—ile yenye barua ya kunithibitisha kazini, bado haina sahihi.

"Dada yako amekubali, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, mzee.

Sijamuuliza Wachuka. Nilisema tu.

Jumatano, 4 Desemba
Maneno ni haya: NGATIA NA WACHUKA. Chini yake: Wamekubaliana. Kisha tarehe. "Wamekubaliana" ni neno la mzee mwenyewe. Kila pembe nimechora ua la mkahawa. Stensili ya kwanza ilipasuka, ya pili ikatoka vizuri. Lebo sitini, wino wa buluu. Saa ya chakula nilikuwa bado nazungusha mashine ya kunakili.

Magdaline, mpiga taipu wetu, akaja nyuma yangu. Ati nimeacha ukarani nimefungua kiwanda cha soda? Akasoma. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Karani, kwenu msichana huulizwa lini?"

"Siku ile ile."

"Na hii umechapa leo."

Akarudi kwenye taipureta yake. Alipiga kwa nguvu kuliko kawaida.

Najua desturi, sihitaji kufundishwa na Magdaline. Pombe ya wakwe haiguswi mpaka binti aitwe mbele ya watu, aulizwe: tuinywe? Akionja yeye kwanza, amekubali. Asipoonja, inarudi ilikotoka. Waliookoka wameweka juisi mahali pa pombe, lakini swali ni lile lile. Na mimi nimechapisha jibu mara sitini.

Jumapili, 8 Desemba
Nilikwenda nyumbani. Wachuka alikuwa akichagua maharagwe. Nilizunguka sana kabla ya kumuuliza kama ameamua. Ngatia si mtu mbaya, anasema, barua zake ni nzuri. Lakini ana nafasi ya kusomea uuguzi kuanzia Januari, na Ngatia anataka mke wa kukaa dukani. Bado anapima.

"Nitajua nikiulizwa. Baba Mkubwa ameniahidi ataniuliza kweli, si mchezo. Hata nikirudisha kikombe, hatanigombeza."

Baba Mkubwa ni Mzee Muriithi, ndugu ya marehemu baba. Ndiye atakayeuliza. Wachuka alikuwa na furaha! Akanitupia harage. "Mbona umekauka hivyo, karani wa serikali?" Anajua mimi ni wa chama cha kahawa tu. Ni utani wake.

Sikumwambia. Niliondoka kabla ya chai.

Jumanne, 10 Desemba
Nilijaribu. Nilifanya mazoezi ya maneno tangu nilipoamka. Nilimwambia Mzee Hezekiah labda neno lile moja liondolewe, tubakize majina, lebo itapendeza zaidi.

Akavua miwani. "Wewe ndiye uko na shaka, ama dada yako?"

"Hakuna shaka, mzee."

"Basi."

Nimerudia uongo ule ule, mara hii nikiwa nimeketi.

Alhamisi, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Watu wote uwanjani. Mimi nyumbani kwa mzee, gundi ya unga wa ngano hadi viwikoni. Chupa sitini. Mkewe ananiita mkwe wetu. Lebo zimeshika vizuri—vizuri mno.

Ijumaa, 13 Desemba
Kreti zimeletwa kwetu kwa pikapu, ziko stoo chini ya magunia. Nimemwambia Mama zisiguswe, pasheni huchacha. Baba Mkubwa alikuja kuona kama viti vinatosha. Alisimama uani akisema peke yake, akijaribu sauti: "Binti yetu, hatujui chochote. Tuambie wewe." Akasema wenzake wengi siku hizi huuliza kama kuhani anayesoma kitabu, jibu wameshalipanga na baba ya kijana. Yeye hapana. Yeye hajui, na anataka kutojua.



Jumamosi, 14 Desemba
Naandika stoo. Penseli—kalamu anayo Wachuka.

Alikuja kutafuta sufuria. Akainua gunia. Nilikuwa mlangoni, nilimwona akisoma. Chupa moja, ya pili, ya tatu, kama mtu anayetumaini kwamba mojawapo imeandikwa tofauti. Kisha akauliza nani aliwaambia amekubali.

Nikasema mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilitaka kuleta maji moto tuzibandue zote, wakati upo kidogo. Akakataa. Ati wageni wazione chupa za bia, aibu iwe ya Mama? Hapana. Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu mfukoni mwangu.

"Wewe umeshanijibia. Sasa kaa hapo, nijijibie."

Yuko sakafuni na gauni lake jipya, kreti mbele yake. Anapiga mstari juu ya kitu katika kila lebo. Ama ni neno lile moja, ama ni jina lake. Amenigeuzia mgongo, sioni. Simuulizi. Nilikuwa na majuma mawili ya kumuuliza.

Wanawake wa kwa Hezekiah wanaimba langoni. Wa kwetu wanawajibu, wanawachelewesha kama inavyopasa. Sasa lango limefunguliwa. Nasikia viti.

Baba Mkubwa ameita: karani, leta vinywaji!

Nimejibu: bado.

Ameita tena. Nimejibu: bado, Baba Mkubwa.

Wachuka hajainua kichwa. Kreti ya kwanza imekwisha, ameivuta ya pili.

Viatu uani. Vizito—hivyo ni vya Mzee Hezekiah, navijua kutoka korido ya ofisini. Anauliza kuna nini huko ndani. Anaita jina langu.

Nimetia komeo.