Blanketi la Mjomba

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Ukungu tena. Nimemwagilia miche ya misonobari, nimekula kiporo cha ugali. Sijasema neno na mtu tangu Ijumaa. Raha tupu. Huku juu ya Lushoto baridi inafukuza watu, na watu ndio niliokuja kuwakimbia. Mzigua mwingine angekwisha kufa. Mimi leo nimeoga maji yenye barafu, kifua wazi. Barafu nene kama kiganja. Haya, kama ukucha.

Alhamisi, 8 Agosti
Barua ya dada Zaina, kaileta dereva wa lori la mbao. Binti yake Mwanahawa anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, Sindeni, kijiji kipya. Kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba apokee blanketi la upande wa bwana harusi, kisha ampulizie maji ya baraka. Na mjomba ni mmoja. Mimi.
Nimejibu kwamba sina nafasi. Kwamba mimi ndiye mkubwa wa msitu, watu mia chini yangu, Bwana Miti wa serikali hatii sahihi kitu bila mimi. Mwandiko umetoka mzuri kwa mtu wa darasa la tatu. Dereva ameondoka na barua yangu.

Jumapili, 11 Agosti
Kweli yenyewe naiandika hapa tu. Naogopa kicheko. Mwaka jana niliapa mbele ya watu wote kwamba sihami kwenye shamba la bibi yangu, lori la kuhamisha watu litapita juu ya tumbo langu. Mtu aliyeua simba kwa mchi ahamishwe na lori? Lilipokuja nilikuwa wa kwanza kupanda, mkeka kwapani. Tangu hapo nikipita kisimani: "Shikamoo Mzee Tumbo! Lori limeshapita?" Hata watoto. Nikavumilia miezi miwili, nikaja milimani.
Simba mwenyewe alikuwa fisi. Na alikuwa anakimbia.

Jumatano, 14 Agosti
Dada amekuja. Mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, kanga mbili tu, blanketi la bwana harusi limekunjwa kichwani, midomo imekuwa majivu. Nilimwona akipanda, nikajificha nyuma ya miti. Mtu mzima mimi. Akamkuta mama wa Kishambaa anayekata kuni.
"Mama, mkubwa wa msitu namkuta wapi?"
"Mkubwa? Huku yuko mlinzi wa miche tu, yule anayelala kibanda kimoja na mbuzi."
Nikangoja dada acheke. Hakucheka.
"Basi ndiye huyo. Mwambie ukubwa sikuufuata. Nimemfuata ndugu yangu."
Akakaa mlangoni kwangu mpaka jua likaanza kushuka, anatetemeka. Hatua ishirini tu kutoka nilipojificha. Sikutoka. Akaliweka blanketi kizingitini, akateremka. Alikuwa anachechemea.
Nimefanya ubaya. Hakuna namna nyingine ya kuuandika.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimeshuka. Alfajiri, blanketi begani, mpaka Mombo. Joto, abiria, mahindi ya kuchoma, kelele. Basi la Korogwe lilikuwa limeondoka. Nikangoja jingine, halikuja. Adhana ya Ijumaa ikanikuta hapo stendi. Sindeni wakati huo wanatandika mikeka.
Nikajaza maji mdomoni, nikasimama nayo. Hapakuwa na wa kumpulizia. Nikameza.
Nimerudi juu.

Jumapili, 18 Agosti
Dereva amepita. Mkewe ni wa Sindeni, alikuwepo harusini. Mwanahawa alikaa kizingitini, kichwa kimefunikwa, mpaka alasiri. Kila lori likinguruma anafunua kidogo, anachungulia. Mwisho dada akampulizia maji yeye mwenyewe. Mama mtu. Haijapata kutokea kwetu.
Nikamuuliza dereva, walinicheka? Akasema hapana, hakuna aliyekutaja.
Nilikuwa na hadithi ya chui aliyenizibia njia ya harusini, ya kumpa. Sikumpa.
Umande umeganda. Nimefunika miche kwa majani makavu. Mbuzi amelala. Blanketi bado limekunjwa. Lina harufu ya moshi wa jikoni kwa dada.