Moshi wa Ulaya kwenye ngitili yetu

Jumanne, Septemba 1998

Bado nauona ule utepe wa mgeni wa mradi aliyekuja leo kijijini ukizunguka miti, kama fundi anayempima mtu nguo.

Alisema ngitili yetu, malisho tunayoyafunga mpaka kiangazi kikali, inameza moshi wa viwanda vya Ulaya, na wenye viwanda watailipia. Mimi ndiye niliyetafsiri kwa Kisukuma. Watu walitulia, nami nikaota nao: moshi unavuka bahari, unafika kwetu, unajilaza kwenye majani kama ng'ombe aliyechoka.

Kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Tukaweka dole gumba.

Mgeni ameniachia nikusanye madole ya waliokosekana. Jioni ndipo nikasoma maneno ya juu: "Tumekubali kutochunga humo tena." Mwalimu mzima, sikuyasoma kwanza.

Nilipomwambia mama mkwe, aliuliza taratibu, "Sasa ng'ombe watakula wapi, Mama Kulwa?"

Ngitili haifungwi wala haifunguliwi bila kikao cha kaya zote. Hata yeye, mwenye ng'ombe wengi, husubiri kikao.

Karatasi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kesho kaya zote zinakutana; naipeleka kikaoni, niisome kwa Kisukuma, nikianzia juu.