Silinda ya Tatu

Jumatatu, 11 Mei 1992

Ukungu tena. Nimefagia uwanja, nimebandika maji, nimewasha gari. Silinda ya tatu haichomi. Nimechomoa nyaya za plagi moja moja kama tulivyofundishwa JKT. Ya kwanza, injini inataka kuzima. Ya pili na ya nne, vilevile. Ya tatu, hakuna tofauti. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha waya. Bado ya tatu. Pikapu zima linatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Saa nne jua likatoka, gari likapona lenyewe. Nikalipeleka Tukuyu mjini kwa fundi Salum. Injini safi. Fundi akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Hii ni mara ya tatu. Kwake zima, kwangu bovu. Nimechukia.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi, saa moja asubuhi, watu wakiwa hawajaenda shamba. Wazee wamesema likiwaka sawasawa mbele yao, nibaki nalo. Likishindwa, alichukue shemeji Ambakisye. Huyo ameshasema ataliuza Mbeya kipande kipande. Gari la marehemu mume wangu, alilolifuata Dar mwenyewe mara tu serikali iliporuhusu watu kuagiza magari. Linabeba ndizi za nusu ya kijiji cha Suma na ndilo linalomsomesha mwanangu Tumaini shule ya bweni. Likienda, nabaki na jembe.

Jumanne, 12 Mei

Nimefungua mlango alfajiri, nikakuta kifurushi kizingitini. Jani la mgomba, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Ukubwa wa ngumi, kizito kidogo. Nimemwita jirani, mama Sekela. Hata hakukisogelea. Kitu kilichoachwa mlangoni bila mwenyewe, ukikifungua umekipokea. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nimekibeba kwa jembe mpaka chooni, nikakitumbukiza. Nilikisikia kikifika chini.

Kwenye tope kuna nyayo. Peku. Mguu mmoja unaburuzwa. Zimetoka migombani, zimerudi migombani. Marehemu tumemzika hukohuko. Kutwa nzima sikutazama upande ule. Ninaogopa, niandike tu ilivyo.

Jumatano, 13 Mei

Mvua, kisha ukungu. Silinda ya tatu imekufa, na ya pili nayo inakosakosa. Boneti nimeikuta imeinuka vidole viwili. Jana niliibana mwenyewe, nikaikalia kabisa. Ndani hakuna kilichoibiwa. Ila kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi, kimefutwa tope na vidole vya mtu. Vitatu, alama zinaonekana.

Mama Sekela anasema marehemu hataki gari liondoke kwake. Ndiyo maana linagoma nyumbani tu. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa, asiniletee hayo. Akaniuliza mbona basi sitazami migombani. Mama huyu naye.

Mchana nimekwenda kaburini. Nimemwambia mume wangu, kama ni wewe, niachie nisomeshe mtoto. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba. Nimerudi mbio, kwa kweli. Mtu mzima.

Alhamisi, 14 Mei

Leo siwezi kuandika vizuri lakini lazima niandike.

Nilikuwa nyuma ya jiko, ukungu umeshuka mpaka chini, hata gari silioni. Nikasikia kikohozi. Kile cha mume wangu. Kavu, kinaanzia mbali, kinakatika katikati. Miguu ikajua kabla ya kichwa. Nikachuchumaa, nikajifunika kanga usoni.

Hicho kikohozi si cha mume wangu peke yake. Alikirithi kwa baba yake. Na kwa baba mkwe ndivyo tunavyofanya huku: akikohoa, mke wa mwanawe anajificha. Hasemi naye. Hamtazami. Jina lake halitamki, na hapa siliandiki. Miaka tisa nimeolewa, uso wake siujui. Yeye anakaa kwa Ambakisye, bondeni, na Ambakisye kasema mzee hajatoka kitandani tangu Pasaka. Sasa nani huyu?

Hatua zikaja. Mguu unaburuzwa. Boneti ikalia. Halafu nikasikia: ka, ka. Vibanio viwili vya kifuniko cha distributa. Sauti hiyo siwezi kuikosea hata usingizini. Nikajua ni mtu mzima wa nyama na damu, tena anayejua anachoshika.

Kisha akasema. Si kwangu. Aliuambia mgomba.

"Mgomba, sikia. Kifuniko hiki kina ufa, mwembamba kama unywele. Ukungu ukiingia, moto unapotelea humo. Jua likitoka, kinakauka. Nilileta kingine, kimekwenda wapi sijui. Basi, kikaushwe, kipakwe nta ya mshumaa. Na mwanangu huyo wa bondeni asijue."

Akakohoa sana. Nilitamani kuinuka nimshike. Sikuinuka. Nilibaki na uso kwenye kanga mpaka hatua zilipoishia.

Baba mkwe aliendesha trekta la shamba la chai maisha yake yote. Anasikia gari langu kila asubuhi kutoka kule bondeni, akiwa kitandani. Kuandika hajui. Kusema nami hawezi. Wa kumtuma ni Ambakisye, mwenye kulitaka gari. Akajikokota mwenyewe, akaniwekea kifuniko mlangoni, kimefungwa vizuri kwa jani. Nami nikakitupa chooni.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimelia kwa aibu.

Ijumaa, 15 Mei

Kile kifuniko chenye ufa nimekichomoa, nimekikausha jikoni juu ya jiko la mkaa. Nikakielekeza kwenye taa. Ufa upo, kutoka tundu la waya wa tatu kwenda la waya wa pili, na ndani yake mstari mweusi wa moto. Salum hakuuona. Mimi sikuuona. Nimepaka nta, mara mbili. Nimekirudisha.

Jumamosi, 16 Mei

Ukungu mzito kuliko wote wa wiki hii. Wazee wanne, mabenchi yamelowa. Ambakisye kaja na kamba ya kuvutia gari kabisa, kaitupa begani. Ana huruma ya fisi huyu.

Nimewasha. Zote nne. Nimeliacha liungurume mpaka wazee walipochoka kusikiliza. Ambakisye akalizunguka mara mbili, akachungulia uvunguni. Akasema limelogwa. Mzee mmoja akamwambia basi aliyeliloga anajua kazi, wakacheka. Gari ni langu. Wameandika.

Baba mkwe hakuja. Wanasema kifua kimembana tangu juzi, na hawajui alipigwa na baridi wapi. Mimi najua. Mara ya kwanza ilikuwa zawadi. Mara ya pili na ya tatu alirudi kwa sababu yangu. Nilikaa palepale mbele ya wazee na furaha yote ikaniisha.

Jumapili, 17 Mei

Alfajiri Ambakisye kagonga, anahema. Shemeji, nakuomba gari, mzee amezidiwa. Hakuniangalia usoni. Kuendesha hajui.

Bondeni niligeukia ukuta walipompandisha nyuma, juu ya godoro. Ambakisye na mama Sekela wakamshika. Kioo cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikatazama juu. Tukaondoka na ukungu wetu.

Nilikuwa nasikia injini, na juu ya injini namsikia yeye akikohoa. Mlima wa kwanza, anakohoa. Darajani, anakohoa. Gari halikukosa hata mara moja. Lingekuwa linatetemeka kama Jumatatu, nisingesikia kitu. Tulipofika Kawetele kikohozi kikakatika katikati, na hakikurudi. Hakuna aliyegonga bodi. Sikusimama. Sikugeuka. Niliendesha tu, taratibu, kama vile bado ana maumivu.

Hospitalini Ambakisye akaja dirishani kwangu. Akasema mzee ametutoka, shemeji. Akaegemeza kichwa mlangoni, akalia. Nesi, mgeni wa huku, akaniita niingie nimwone baba. Nikatikisa kichwa. Nilibaki kwenye usukani, kanga usoni, injini inaunguruma. Sikuizima mpaka waliponiambia wameshamfunika.