Ndoto ya Zabibu Inanunuliwa

Yeongdong, 6 Mei 1978

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi tu mjukuu wako Bo-bae amemimina wali wake ndani ya kiatu changu cha mpira. Namuuliza, "We, unafanya nini?" Ananijibu anamlisha mtoto wa tumboni, maana chakula kikipitia kwa mama kinatapikwa. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Magoti yako je, upepo wa bahari umeyaachia? Sisi hapa wazima, ila mimi na huko kutapika.

Mama, mimba ni ya mwezi wa nne lakini majirani wanadhani nakaribia kujifungua. Mavyaa ana furaha haisemeki. Aliota vichala vya zabibu vinamwagikia sketi yake, na ndoto ya mimba kama hiyo unaijua: wajukuu tele. Sasa sikia. Niliona damu kidogo, nyeusi-nyeusi, akanipeleka kwa daktari wa mjini. Daktari akasikiliza tumbo, hakusikia moyo. Akapima mkojo, akauongeza maji kuupunguza nguvu, akauongeza tena, nao bado unasema mimba. Mwishowe akatamka, "Hii ni mimba ya zabibu."

Mavyaa akapiga makofi. "Hata daktari ameiona!"

Maskini kijana wa watu, akapaza sauti kwamba hakuna mtoto, ni uvimbe tu, niende hospitali kubwa ya Daejeon nikasafishwe. Mavyaa akamwambia, "Wewe hata mke huna, utajulia wapi?" Tukarudi nyumbani. Njiani na mimi nilicheka. Sasa sicheki sana. Baba Bo-bae yuko Uarabuni anajenga barabara, muhuri wake wa sahihi anao mavyaa kwenye mfuko wa kiunoni, na bila muhuri wa mume hospitali haimgusi mke wa mtu. Lakini usihofu sana, labda daktari amekosea.

Mwanao, Mal-rye


Wando, 11 Mei

Mwanangu,

Magoti yangu yaache, hayajaua mtu. Nakuhofia wewe. Mke wa yule fundi nyavu wa hapa kwetu alibeba tumbo kama hilo, nao wakasubiri. Sitaandika zaidi.

Mavyaa wako si mtu mbaya, ana kiu ya mjukuu wa kiume, na mwenye kiu habishiwi. Ndoto huuzwa, hilo analijua kama ninavyolijua mimi. Mwambie nainunua yake. Nampa sketi yangu ya hariri ya arusi, namtumia pamoja na mwani huu. Akishaiuza haitakuwa yake tena, wala haitamfunga. Nenda Daejeon, hata kwa kutambaa.

Mama yako


Yeongdong, 2 Juni

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kimya. Mwani umefika, na harufu yake ilinirudisha kwetu. Mavyaa aliirudisha sketi mikononi mwangu, imekunjwa vilevile. "Ndoto ya mjukuu wangu haiuzwi."

Kisha nilitokwa na damu jikoni. Ikaja na vijifuko vya maji, vimeshikana, vinang'aa. Mavyaa aliviokota kwa mikono yake, akavitazama. Akanibeba mgongoni mpaka kwenye basi, mimi na unene wangu! Kule Daejeon akapiga muhuri mwenyewe, wakanisafisha. Tuliporudi akanipikia supu ya mwani wako, ya mzazi kabisa. Jirani akachungulia: "Supu ya uzazi, na mtoto yuko wapi?" Mavyaa akamjibu, "Damu si imetoka? Nenda kale kimchi yako, ufunge mdomo."

Nilidhani yamekwisha, Mama. Lakini mkojo bado unasema nina mimba. Daktari anasema vipande vilibaki, vikaingia damuni, vingine vimetua mapafuni, ndiyo maana nakohoa. Ni kansa, ila ya namna isiyo ya kawaida, inasikia dawa. Nikichomwa sindano upesi nitapona. Nikichelewa, hakunificha.

Na mavyaa? Ameruka kwa furaha! "Mmoja amebaki! Walitoa zabibu tu, mtoto yumo!" Nikimwambia sindano, ananiuliza, "Unataka wamuue mjukuu wangu kwa muhuri wa baba yake?" Analala ameushika ule mfuko. Juzi nilikohoa damu, nikaificha kwenye majivu Bo-bae asione.

Mwanao, Mal-rye


Wando, 6 Juni

Mwanangu, msomee mavyaa wako haya kwa sauti, usiruke neno.

Dada yangu, salamu, na asante kwa kumbeba binti yangu mgongoni. Nimesikia pia habari ya supu, nimelia. Uliota zabibu. Zabibu ulizipata, ukazishika kwa mikono yako mwenyewe. Ndoto yako ilisema kweli, na imekwisha. Kwenye ndoto ulimwona mtoto? Kama hukumwona, huyo unayemngoja umemwongeza mwenyewe. Mimi sina mwingine ila huyu anayekusomea. Bei ni ileile, sketi ile.

Mama yake Mal-rye


Daejeon, hospitalini, 20 Agosti

Mama yangu,

Uko salama? Mimi naandika nimeketi kwenye benchi la ukumbini, ndiyo maana mwandiko unakwenda kama kaa. Najua nimekuweka roho juu.

Nilipomsomea, mavyaa aliuacha moto wa jikoni mpaka ukazimika. Halafu akasema, "Hapana. Mtoto sikumwona." Akaichukua ile sketi, akaijaribu, haikufunga kiunoni hata nusu. "Mama yako alikuwa mwembamba kama uzi! Haya, imeuzwa. Aichukue na mikosi yake." Akafungua mfuko, akanikabidhi muhuri, akageukia ukutani.

Sindano zinauma kinywani kuliko mkononi. Vidonda mdomo mzima, na nywele zangu Bo-bae akija kuniona anazifagia mwenyewe, anasema mama ananyonyoka kama kuku. Lakini sikohoi tena, Mama! Wiki iliyopita mkojo bado ulisema mimba, ila kwa mbali, ukiongezwa maji kidogo tu hausemi tena. Mwenzangu wa kitanda cha pili naye alifika hapo, kisha wake ukapanda tena. Leo ndiyo siku ya jibu.

Mavyaa ameamka kabla yangu. Nimemsikia akinong'ona, amefumbata mikono, anaomba mkwewe asiwe na mimba. Yeye, Mama! Nimejifanya nimelala. Sasa amesimama mlangoni kwa daktari, hataki kukaa, kila muuguzi akipita anamuuliza, "Hana? Niambie hana." Mlango unafunguliwa. Wanaita jina langu, mavyaa ananipungia mkono, nami nikiambiwa sina mimba, Mama, jambo la kwanza nita—