Ushuhuda wa Louisville

Buffalo, Lower West Side
Tarehe 5 Februari

Kwako shemeji yangu Ombeni,

Nakusalimu sana, shemeji, nikitumaini barua hii imekukuta mzima, umekula, na umepata usingizi angalau kidogo. Mgongo je? Bado unakuuma ukitoka ghalani? Mara ya mwisho ulisema umeomba wakuhamishie kwenye kubandika karatasi za anwani, usiendelee kunyanyua masanduku. Sijui kama walikusikia. Na ile hita ya nyumba yenu ya Reynoldsburg, huko kando ya Columbus, mwenye nyumba ameitengeneza au bado anakuambia wiki ijayo, wiki ijayo? Mimi huku mwili unatembea. Mkono unapona. Vile vidole viwili walivyokata vinaniwasha mpaka leo, lakini daktari anasema ndivyo inavyokuwa, nitazoea.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunaongea kila Jumapili. Bon, sababu ni hiyo hiyo. Kwenye simu unaanza kunifariji kabla sijafungua mdomo. Unasema, Rurangwa, kaka, usijilaumu, na mimi nanyamaza. Nimenyamaza zaidi ya miezi miwili. Karatasi hainifariji, kwa hiyo nitaimaliza hata nikilia juu yake. Nakuomba uisome umekaa, ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho.

Jumapili iliyopita uliniomba kwamba tarehe ishirini na nane, tutakapokutana Louisville kuondoa kilio cha mdogo wangu Isaro, nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda wa saa yake ya mwisho. Ulisema mama yetu Nyirabagenzi ameshawaambia wamama wote wa kule kwamba mwanawe atasema. Halafu ukaongeza jambo lililonimaliza kabisa. Ulitaka nirudie mbele za watu maneno ya mwisho ya mke wako, yale niliyokuambia hospitalini, kwamba aliita jina la Yesu mara mbili na jina lako mara moja. Nilikujibu sawa.

Acha nianze mbali kidogo, maana mambo ya wale mbwa hukuwahi kuyaelewa vizuri, na mimi ndiye sikutaka uyaelewe.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwezi wa tisa nilipelekwa kwa mzee Donati, mtu wa asili ya Italia aliyefiwa na mkewe, anayekaa vilimani kusini mwa Buffalo, karibu saa moja kwa gari. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea, na kumbukumbu zake zilikuwa zinakwenda na kurudi. Nilienda kumwogesha na kumpikia, lakini nilichokuta ni mtu anayelilia mbwa wake. Alikuwa na watano, wa kuvuta sleji, kile kiti kirefu chenye mbao mbili chini kinachoteleza juu ya theluji. Hakuna tena wa kuwatoa nje. Nilimwambia asihangaike, mimi ni mtoto wa wafugaji, nimechunga ng'ombe milima ya Minembwe, Kongo, mpaka nilipoota ndevu, mnyama hanishindi. Nilisema hivyo hivyo, shemeji, kifua mbele. Mjinga mimi.

Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa Novemba. Huku inatoka upande wa ziwa, inashuka bila kuuliza mtu, asubuhi unafungua mlango imekufika magotini. Mzee aliketi barazani amejifunika blanketi mbili, akawa ananifundisha kwa kupiga kelele. Tulianza na mchezo wanaouita skijoringi. Unavaa skii miguuni, zile mbao mbili ndefu nyembamba za kuteleza, unajifunga mkanda kiunoni, kamba inatoka kwenye mkanda mpaka kwa mbwa mmoja, mbwa anakimbia, nawe nyuma unamwomba Mungu. Nilianguka mara ngapi sijui. Mzee alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa nitampoteza siku ile ile.

Lakini nilifurahi, shemeji. Lazima niseme hata kama leo inanitia aibu. Tangu tukimbie nyumbani sikuwahi kufurahi hivyo. Wale mbwa wakiona kamba tu, wanaruka, wanabweka, wanavutana, huwezi kusikia hata neno lako mwenyewe. Ukiwafunga kwenye sleji na kuwaachia, kelele zote zinakatika. Zinabaki pumzi zao na mbao zinazoteleza. Wiki tatu nzima, kila nilipomaliza kumlisha mzee mchana, nilitoka nao. Nilirudi nyumbani nikiimba, watu wa jengo letu wakauliza kama nimepata mke.

Kiongozi wao alikuwa jike mzee anayeitwa Nonna, maana yake bibi kwa lugha ya akina Donati. Mzee alinionya juu ya Nonna zaidi ya mara moja. Alisema mbwa wa mbele hatii tu. Mbwa wa mbele mzuri anajua pia kukataa, na siku akikataa nisimlazimishe, nishuke nitazame alichokiona. Niliitikia kwa kichwa, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Moyoni nilicheka. Kwetu ng'ombe wa mbele akigoma mtoni, nani anamuuliza ameona nini? Unamshika pembe unamvuta, akiingia yeye wote wanaingia. Nilivusha ng'ombe wa baba hivyo tangu nina miaka tisa, na hakuna aliyenifia.

Isaro alikuja kwangu kwa Thanksgiving, ile sikukuu yao ya mwisho wa Novemba. Wewe ulibaki, maana wiki ile ghala lenu halimpi mtu ruhusa. Nilikuwa nimemtumia picha za mbwa kwenye simu mpaka amechoka, akasema haya, twende nione kama hujawa mwongo. Jumamosi nikampeleka kwa mzee. Kwanza aliwaogopa, akajificha nyuma yangu kama zamani. Baada ya nusu saa alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, Nonna anamlamba uso, naye anamkemea kwa Kinyamulenge. Aliketi kwenye sleji, mimi nikasimama nyuma yake, tukazunguka msitu mara tatu. Alicheka njia nzima. Alisema Krismasi atakuleta wewe, akuweke kwenye skii, aone huo uzito wako wote unavyoanguka. Hilo ni kweli, shemeji. Lichukue, ni lako.

Sasa nisikilize. Wewe, polisi, na mama mliambiwa kwamba nilishuka kukaza kamba iliyolegea, mbwa wakatoroka na Isaro akiwa ndani ya sleji, wakaingia kwenye bwawa, barafu ikavunjika, na mimi nikakimbia nikajitosa majini. Hiyo ya kujitosa ni kweli. Yaliyobaki nimeyatunga.

Basi lake la kurudi Columbus lilikuwa la saa kumi na moja. Tulikuwa tumechelewa, na ni mimi niliyetuchelewesha, kwa sababu nilitaka mzunguko wa tatu. Njia ya mzee inafuata miti, inazunguka mbali. Upande wa kushoto niliona uwanda mweupe, umelala sawasawa, na nyumba ya mzee inaonekana ng'ambo. Sikuwahi kufika upande ule kabla ya theluji, kazi yangu ilikuwa jikoni na bafuni. Machoni mwangu yale yalikuwa malisho. Haki ya Mungu, Ombeni, niliona malisho. Nikawageuza mbwa.

Nonna alifika ukingoni akasimama. Nilimpa amri, akageuka akanitazama, akalala chini. Wale wanne wakakaa nyuma yake. Isaro akasema labda amechoka, kaka, tuzunguke tu, basi likiondoka nitapanda la kesho. Nilimwambia anyamaze, yeye hajawahi kuchunga hata mbuzi. Niliona haya kushindwa na mbwa mbele ya mdogo wangu. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Nilishuka, nikaenda mbele, nikamshika Nonna ukosi, nikavuta. Alikaza miguu, kucha zikachora mistari kwenye theluji. Akaningurumia, naye hakuwahi kuningurumia. Nikampiga kofi la uso. Hapo akanyanyuka akanifuata.

Nilipita mimi, akapita yeye, wakapita wale wanne. Sleji ndiyo iliyozama. Chini ya ile theluji nzuri kulikuwa na barafu ya wiki tatu tu, isiyoweza kubeba mtu aliyeketi kwenye mbao.

Jirani alisikia mbwa wanalia, akaja na ngazi. Alipofika alinikuta majini peke yangu, mkono umeganda kwenye kamba. Ndani ya gari la wagonjwa waliniuliza imekuwaje, nikasema mbwa walitoroka. Nilisema mara moja, na baada ya hapo sikuhitaji kusema tena, watu walinisemea.

Kumbuka uliniuliza kwa simu yule mbwa wa mbele wamemfanya nini. Nikakujibu binti wa mzee amempeleka kuchomwa sindano afe, ukasema asante Mungu. Nilikuacha umshukuru Mungu kwa jambo lile. Mzee Donati alilia, akaapa kwamba Nonna hawezi kukanyaga barafu ya Novemba hata kwa fimbo. Nani angemwamini? Anasahau kama amekula. Binti yake akawagawa wale mbwa wengine, akampeleka baba yake kwenye nyumba ya wazee hapa mjini. Ninamtembelea kila Alhamisi. Ananishika huu mkono mbovu na kuniomba msamaha, anasema labda kweli alimfundisha mbwa wake vibaya, labda ni yeye aliyemuua dada yangu. Mzee wa miaka themanini na mbili, shemeji! Nami nampangusa machozi, namwambia pole mzee, halafu natoka naenda kupanda basi. Mtu wa namna gani anafanya hivyo? Kanisani hapa wananishika mkono huo huo wakisema Bwana asifiwe, huyu alimpenda dada yake. Natamani ardhi ipasuke.

Sasa maneno ya mwisho. Umeniuliza mara nne, na mara nne nimekudanganya. Hakumwita Yesu. Wewe pia hakukuita. Unisamehe kwa kuliandika hivi, sijui njia ya kulipunguza makali.

Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili, kamba ya mbwa imenizunguka mkononi. Miguu yangu haikugusa chini, wala yake. Meno yake yalikuwa yanagongana, lakini nilimsikia vizuri, uso wake ulikuwa karibu na wangu. Alisema, Kaka, useme ni mbwa. Nilidhani anaweweseka, nikamwambia nyamaza, shikilia tu. Akarudia. Akasema Ombeni asijue, hatakusamehe, useme ni mbwa. Baada ya hapo mikono yangu haikuwa tena na nguvu. Niliitazama inafunguka na sikuweza kuizuia.

Donc uongo wenyewe ni yeye aliyenipa. Siandiki hili ili kumtwika mzigo, Mungu anipige kama ndivyo. Ninaandika kwa sababu maneno yale hayakuwa yangu ya kuficha. Ndani ya maji yale mke wako alibakiwa na pumzi ya kusema jambo moja, na ilipasa liwe lako. Alilitumia kunilinda mimi, niliyemwambia anyamaze alipokuwa anasema kweli. Nimekuulia mkeo, shemeji, kisha nikakuibia na neno lake la mwisho, nikakupa la kutunga. Na wewe ulilipokea kwa machozi ukanishukuru.

Alhamisi hii nitamwambia mzee Donati kwamba Nonna alikataa. Najua atasahau, kwa hiyo nitamwambia tena Alhamisi inayofuata, na nyingine, mpaka mmoja wetu aondoke. Kwa polisi nitakwenda Jumatatu. Mama usimwambie bado, nakuomba hilo moja tu. Nataka nimpigie magoti mimi mwenyewe, anitazame usoni.

Kuhusu tarehe ishirini na nane, uamuzi ni wako. Ukitaka nisimame, nitasimama, na ushuhuda nitakaoutoa ni huu, hadi neno la mwisho, mbele ya mama na kanisa zima. Ukitaka nisionekane Louisville, sitaonekana. Sikuombi msamaha. Isaro alikujua kuliko mimi, na alisema hutanisamehe, mimi naamini alisema kweli.

Nisalimie kwaya yote ya Reynoldsburg, na mchungaji pamoja na familia yake. Waambie nawakumbuka. Jitunze mgongo wako, usikubali wakurudishe kwenye masanduku mazito, na ule kitu cha moto ukitoka kazini, hata kama hakuna wa kukupikia. Mungu akushike.

Ni mimi niliyekuwa shemeji yako,

Rurangwa