Roshani ya Juu ya Paa

Kisiwa cha Nantucket,
Tarehe 19, Mwezi wa Kwanza, 1814.

Mpendwa kaka Obed,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na wifi Lydia mguu wake umepona? Sisi tunasukuma siku. Ila kitinda mimba wangu, Eunice, anakohoa tangu baridi ianze, na baridi ya mwaka huu haina huruma.

Barua hii anakuja nayo jirani yetu Peleg, atakayejaribu kuvuka kwenda bara kwa mashua ndogo. Akikamatwa, manahodha wa Kiingereza watasoma habari za jikoni kwangu, na wasome.

Unaniuliza kwa nini nisije huko Hudson na watoto. Nije vipi, kaka? Tangu vita hivi vya Marekani na Waingereza vianze, manowari zao zimetuzingira, hakitoki chombo wala hakiingii. Maghala yamejaa mafuta ya nyangumi yasiyo na mnunuzi, na unga wa mahindi hakuna. Kuni ndiyo usiseme. Kisiwa hiki hakina miti, unakijua, na kuni zetu zilitoka bara. Tumeshachoma uzio, mlango wa zizi na kitanda cha marehemu baba.

Tumesikia Napoleon amepigwa vibaya huko Leipzig. Wanaume walifurahi kwamba vita vya Ulaya vinaisha, hadi mama mkwe wangu alipowakatiza. "Chekeni tu. Kule wakimaliza, hizo manowari zote mnadhani zinakwenda kulala? Zinakuja kwenu." Kila mtu akaenda zake nyumbani.

Lakini linaloninyima usingizi ni mume wangu. Barzillai alikwenda kuwinda nyangumi bahari za kusini kabla vita hivi vyetu havijatangazwa, na huenda mpaka leo hajui kwamba tunapigana na mtu. Mwezi wa Kumi ilitokea meli ya mume wa Judith, jirani yangu. Judith alikuwa juu ya paa, kwenye roshani yake ya mbao ya kutazamia meli, akafanya tunavyofanya wote tangu enzi za bibi zetu: akapunga kitambaa cheupe cha meza, mumewe ajue mkewe yu hai na anamngoja. Meli ilikuwa imesita mbali, haina hakika kama ni salama kuingia. Kuona kitambaa, ikaja moja kwa moja, na Waingereza walikuwa wamejibanza nyuma ya ncha ya kisiwa. Sasa mumewe yuko kifungoni ng'ambo. Kwenye ibada zetu za kimya Judith anakaa mwisho wa benchi, anatazama mikono yake.

Tangu hapo nimekuwa nikipanda roshanini kila asubuhi kumwomba Mungu nisione tanga. Naona aibu kuomba mume wangu asirudi. Na najijua, kaka. Nikiliona tanga lake, nitapunga.

Juzi Eunice alikohoa hadi akabadilika rangi. Mama mkwe akaniambia, "Mbao zipo, mwanangu."

"Wapi, mama?"

"Juu ya kichwa chako."

Nilimjibu kwa ukali kwamba roshani haiguswi. Barzillai aliijenga kwa mikono yake mwaka tuliooana.

"Haya, mtunzie mbao zake. Akirudi utampeleka akaone na kaburi la mtoto."

Leo asubuhi nimepanda na shoka, nimeivunja yote, na ngazi yake pia. Nililia, sikufichi. Saa hizi Eunice amelala karibu na moto na kifua kimetulia.

Barzillai akitokea sasa, ataona paa tupu na kudhani nimekufa. Na adhani hivyo, kaka, ageuze meli.

Nisalimie sana wifi Lydia, shangazi Kezia na binamu Tristram. Mama mkwe naye anawasalimu, japo ananiambia niache kumaliza wino. Mungu awatunze, na amani tuliyonyimwa huku awape ninyi.

Dada yako akupendaye, ambaye bado yu hai,

Phebe